Bakteria Wema Tumboni mwa Nyuki

Kuna swali moja ambalo sisi mabwana shamba tunaulizwa mara nyingi tunapopita vijijini kuangalia mizinga. Mfugaji ameona nyuki wake wamepungua, masega yana majana yaliyooza, na nyumbani ana pakiti ya ile dawa ya kuku ya unga wa njano, oksitetrasaiklini, iliyobaki tangu kuku walipougua. Anauliza: "Bwana shamba, dawa hii si inaua vijidudu? Basi kwa nini nisiikoroge katika maji ya sukari nikawapa nyuki wangu?"

Swali hili ni la haki kabisa. Huko Marekani wafugaji wa nyuki walifanya hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 50, tena walifundishwa na wataalamu wao wenyewe. Kumjibu mtu "usifanye" bila kumpa sababu ni kumfanya mtoto. Sababu ipo, nayo ina historia ndefu. Inaanza na watu waliokuwa wakiwinda adui ndani ya mzinga, na inaishia kwa wale waliogundua kwamba wengi wa waliokuwa wakiuawa walikuwa wenyeji, wala si adui.

Tuanze na adui. Mwaka 1769 mchungaji mmoja wa Ujerumani, Adam Gottlob Schirach, ambaye alikuwa mfugaji hodari wa nyuki, aliandika juu ya ugonjwa unaoozesha majana ndani ya sega. Aliuita kwa lugha yake Faulbrut, yaani majana yaliyooza. Wewe uliyewahi kufungua mzinga wenye ugonjwa huo unaujua: sega lina harufu mbaya, vifuniko vya vyumba vimebonyea na vina matundu, na ndani mna uji wa rangi ya kahawa. Wakati ule hakuna aliyejua sababu. Wengine walisema ni baridi, wengine walisema ni chakula kibovu.

Miaka karibu mia moja ikapita. Mwaka 1865 serikali ya Ufaransa ilimtuma Louis Pasteur kusini ya nchi hiyo kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza viwavi wa hariri na kuwafilisi wakulima. Kwa hadubini alionyesha kwamba ugonjwa ule unatoka kwa nondo mama na kuingia katika mayai, kwa hiyo mkulima akichagua mayai ya nondo wazima ataokoa mavuno yake. Kisha Robert Koch wa Ujerumani akatangaza mwaka 1882 kwamba amemwona bakteria wa kifua kikuu. Tangu hapo kila mwenye hadubini alitaka kumkamata bakteria wake. Ugonjwa wowote ukitajwa, swali lilikuwa moja tu: ni nani aliyeufanya?

Kwa upande wa nyuki waliotangulia walikuwa Waingereza wawili, Frank Cheshire, mwandishi wa mambo ya nyuki, na William Watson Cheyne, daktari wa upasuaji. Mwaka 1885 walitangaza kwamba katika majana yaliyooza wamekuta bakteria mwenye umbo la kijiti, wakampa jina la Bacillus alvei. Dunia ya wafugaji ikashukuru. Mshitakiwa amepatikana, kesi imekwisha.

Kumbe haikwisha. Kijana mmoja wa Marekani, G. F. White, alikuwa akisomea bakteria wa manzuki, na kazi yake ilichapishwa na idara ya kilimo ya nchi yake mwaka 1906. Napenda tusimame kidogo kwa bwana huyu, kwa maana alifanya jambo ambalo wenzake hawakulifikiria. Kabla ya kumtafuta mgonjwa, alikwenda kwanza kwa nyuki wazima. Alichukua masega mazuri, chavua, asali, majana yenye afya na matumbo ya vibarua wasio na ugonjwa wowote, akaotesha kila bakteria aliyeweza kuota, akawaandika mmoja mmoja.

Kwa nini alijisumbua hivyo? Fikiria kijiji kilichoibiwa ng'ombe usiku. Askari anafika asubuhi, anamkamata mtu wa kwanza anayemwona njiani. Je, amekamata mwizi? Huenda mtu yule anaishi pale pale na alikuwa akienda shambani kwake. Askari mwenye akili atauliza kwanza: wenyeji wa hapa ni akina nani? White aliuliza swali hilo juu ya mzinga.

Baada ya kuwajua wenyeji ndipo alipoitazama upya kesi ya Cheshire na Cheyne, akaona kwamba ule ugonjwa mmoja ni magonjwa mawili. Mmoja unaua majana makubwa, mara nyingi baada ya vyumba kufunikwa, na mwenye kosa ni bakteria mwingine kabisa, ambaye leo anaitwa Paenibacillus larvae. Wa pili unaua majana madogo yakiwa bado yamejikunja chumbani. Yule Bacillus alvei aliyeshitakiwa huonekana katika huu wa pili, lakini huja baadaye kula mizoga tu, kama fisi. Mwaka 1912 White alimtaja anayemshuku katika ugonjwa wa pili, ingawa hakuweza kumwotesha. Kazi hiyo ilimaliziwa katika miaka ya 1950 na Leslie Bailey, wa kituo cha utafiti cha Rothamsted huko Uingereza, ambaye aligundua kwamba bakteria huyo haoti mpaka apewe hewa ya ukaa na kunyimwa oksijeni. Ukumbuke jambo hili la oksijeni, tutalihitaji mbele.

Sasa, ndugu msomaji, kitabu cha White kilikuwa na sehemu mbili: bakteria wa manzuki yenye afya na bakteria wa magonjwa. Sehemu ya pili ilisomwa kila mahali. Ile ya kwanza, ya wenyeji, ilikaa kabatini. Ndivyo tulivyo binadamu. Anayetuletea hasara tunamjua jina, anayetusaidia kimya kimya hatumwoni.

Kwa hiyo zilipokuja dawa, zilipokelewa kwa vigelegele. Mwaka 1944 Leonard Haseman na L. F. Childers, wa chuo kikuu cha Missouri, walieleza jinsi dawa ya salfa ikikorogwa katika maji ya sukari inavyozuia uozo wa majana. Katika miaka ya 1950 ikafuata oksitetrasaiklini, ndugu yake yule yule wa kwenye pakiti yako ya kuku. Wafugaji wengi wa Marekani wakawa wanaitia katika mizinga mwaka hadi mwaka, hata kwa nyuki wasio na ugonjwa, eti kinga.

Lakini dawa hiyo ina upungufu mmoja mkubwa, na upungufu huu haujaondoka hata leo. Bakteria wa uozo wa majana, yule larvae, akiona hali ni ngumu hujifunga ndani ya ganda gumu mfano wa mbegu. Mbegu hizo zimekutwa zikiwa hai baada ya miaka zaidi ya 35 katika sega kavu. Oksitetrasaiklini haiui mbegu. Inazuia tu bakteria aliyeota. Ukiacha dawa, mbegu zinaota tena. Ndiyo maana nchi nyingi za Ulaya zilichagua njia nyingine, ya kuchoma moto kundi lenye ugonjwa pamoja na masega yake. Ni njia chungu, lakini moto haubakizi mbegu.

Na huku kwetu je? Huku kwetu hatukuwa na dawa wala hatukuichoma mizinga. Watu wa Tabora na nchi zote za miombo walikuwa wakitundika mizinga ya magome na ya magogo tangu zamani, na nta ilikuwa ikisafirishwa ng'ambo tangu enzi ya Wajerumani. Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ilianzisha kazi ya ufugaji wa nyuki kwa utaratibu rasmi, chini ya F. G. Smith. Bwana huyu ndiye aliyewatenga nyuki wetu wa mlimani na wa pwani, mwaka 1961, akawapa majina ya monticola na littorea. Wale wa bara wanaojulikana zaidi ni scutellata. Mzee wa kijijini hakuhitaji majina hayo, alijua tu kwamba nyuki wakichukia mzinga wanahama. Sisi watu wa idara tunakulaumu sana kule kuhama, maana mfugaji anapata hasara. Mimi kwa maoni yangu naona kuna faida ndani yake: kundi linalohama huacha nyuma sega bovu na uchafu wote, likaenda kujenga upya kwa nta safi.

Turudi kwa wale wenyeji wa mzinga. Aliyewarudia kwa moyo wote alikuwa mama mmoja, Martha Gilliam, aliyefanya kazi katika kituo cha serikali cha utafiti wa nyuki mjini Tucson, Arizona. Tangu miaka ya 1970 hadi miaka ya 1990, wakati wengine wote wanawinda magonjwa, yeye alikuwa akihesabu hamira, kuvu na bakteria wasio na madhara. Alichunguza tumbo la nyuki na alichunguza sana mkate wa nyuki, yaani ile chavua ambayo vibarua huishindilia ndani ya vyumba vya sega na kuichanganya na asali na mate. Umeiona ukirina: ni ile ya njano au ya kahawia, chachu kidogo, ambayo watoto wengine huipenda na wengine huitema. Gilliam alisema kwamba baadhi ya vijidudu vya humo hutoa vitu vinavyozuia kuvu mbaya wa majana. Mwaka 1997 aliandika muhtasari wa kazi yake yote.

Hapa lazima niseme neno la haki, kwa kuwa utasikia watu wakieleza kwamba chavua inachachuka ndani ya sega mfano wa togwa, na bakteria ndio wanaoipika. Habari hiyo ilienea sana. Lakini mwaka 2014 watafiti wa kituo kile kile cha Tucson waliipima upya, wakaona kwamba bakteria katika mkate wa nyuki ni wachache, na kwamba asali, mate na ukali wake vinaihifadhi chavua isioze, zaidi ya kuipika. Basi mkate wa nyuki ufananishe na samaki aliyetiwa chumvi. Kazi kubwa ya bakteria haiko pale. Iko ndani ya nyuki mwenyewe, katika utumbo wa nyuma.

Mbona Gilliam hakuiona yote? Kwa sababu ile ile iliyomkwamisha White. Njia yao ilikuwa kuotesha bakteria katika kisahani. Bakteria wengi wa utumbo wa nyuki wamezoea giza na mahali pasipo hewa, na ukiwaweka wazi wanakufa au wanakataa kuota. Ni kama kuhesabu watu wa kijiji kwa kuwaita barazani. Wanaohesabiwa ni wale waliotaka kuja.

Njia mpya ilitokea zilipoanza kusomwa chembe za urithi, yaani DNA. Kila bakteria, awe hai au amekufa, ana maandishi yake ndani, na ukiyasoma unamjua hata kama hukumwotesha. Na hapa, ndugu mkulima, Afrika inaingia. Kati ya kazi za kwanza za namna hii juu ya nyuki wa asali ni ile iliyochapishwa mwaka 2003 na A. Jeyaprakash, M. A. Hoy na M. H. Allsopp, na nyuki waliochunguzwa walitoka Afrika ya Kusini: nyuki wa Rasi, na scutellata, ndugu wa hawa hawa wa bara tunaowafuga sisi. Walikuta kundi dogo la bakteria ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuandikwa. Mwaka 2006 Wajerumani wakachunguza nyuki wao, wakakuta jamii zile zile. Mwaka 2007 Wamarekani, waliokuwa wakitafuta sababu ya makundi yao kutoweka ghafula, wakakutana nao tena.

Hebu fikiri. Nyuki wa Afrika ya Kusini na nyuki wa Ujerumani wanakula maua tofauti, hali ya hewa tofauti, mizinga tofauti. Lakini tumboni wana wageni wale wale. Basi hawakuwa wageni. Mwaka 2011 Vincent Martinson, Nancy Moran na wenzao walithibitisha jambo hili: nyuki wa asali na jamaa zake wa karibu wana jamii yao maalumu ya bakteria, ambayo huikuti kwa wadudu wengine. Makundi matano yanapatikana karibu kwa kila kibarua mzima, popote duniani. Binadamu ana mamia ya aina tumboni. Nyuki ana chache tu, na zote ni za ukoo.

Wawili kati yao walipewa majina mwaka 2013 na Waldan Kwong na Moran. Mmoja anaitwa Snodgrassella alvi, kwa heshima ya R. E. Snodgrass, aliyechora viungo vya nyuki kwa ustadi mkubwa mwaka 1910. Wa pili anaitwa Gilliamella apicola. Jina hilo la pili umeshalitambua. Mama yule aliyehesabu wenyeji miaka yote ile amepewa mwenyeji wake.

Wanafanya nini humo? Kwanza ujue walivyokaa. Kibarua mzima anaweza kubeba hadi bakteria bilioni moja, wengi wao katika utumbo wa nyuma. Snodgrassella amejibandika ukutani kama plasta. Yeye anatumia oksijeni kidogo inayopenya kutoka mwilini, akaimaliza, kwa hiyo ndani pale panabaki bila hewa. Hilo ndilo tuliloliweka akiba kwa Bailey: wengine waliobaki wanataka mahali pasipo oksijeni, na huyu ndiye anayewatengenezea. Juu yake anakaa Gilliamella. Huyu anaweza kuvunja pektini, ile gundi iliyomo katika kuta za chavua, ambayo kwa akina mama wanaopika jamu ndiyo inayoigandisha. Baadhi ya jamaa zake humaliza pia sukari ambazo kwa nyuki ni sumu. Nyuma kabisa, kabla ya kutoka choo, wako bakteria wa asidi ya maziwa, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi. Wote hawa hula makombo ambayo nyuki mwenyewe ameshindwa kuyameng'enya, wakatoa asidi nyepesi ambazo nyuki anazitumia.

Wewe mwenye ng'ombe huwezi kushangaa. Ng'ombe hali majani peke yake; vijidudu vya tumboni mwake ndivyo vinavyoyavunja. Ukimtia ng'ombe dawa kali mdomoni ovyo ovyo, unajua anavyoacha kucheua. Nyuki ni vivyo hivyo, ila kwa kipimo cha punje.

Watafiti walitaka kuwa na hakika, kwa hiyo walitoa vibarua wachanga kutoka katika sega kabla hawajatoka vyumbani, wakawalea katika kisanduku safi wasipate bakteria hata mmoja. Kisha wengine wakapewa bakteria wa nyuki, wengine wakaachwa hivyo hivyo, wote kwa chakula kile kile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: wenye bakteria waliongezeka uzito zaidi. Na kabla ya hapo, mwaka 2011, Hauke Koch na Paul Schmid-Hempel huko Zurich, Uswisi, walionyesha kwamba wale nyuki wakubwa wenye manyoya wa nchi za baridi, wakipata bakteria wao wa asili, wanamshinda kijidudu mmoja mbaya anayewashambulia utumboni. Mahali palipokaliwa na mwenyeji, mvamizi hapati nafasi ya kutandika mkeka.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwa mfugaji lina faida kuliko majina yote hayo. Nyuki hazaliwi nao. Jana likigeuka kuwa nyuki kamili, utumbo wa zamani unavuliwa kama nguo, na kibarua anayetafuna kifuniko na kutoka chumbani yu karibu mtupu. Kwa siku 4 hadi 6 za kwanza, akiwa bado ndani ya mzinga, ndipo anapojazwa. Anapata kutoka kwa nani? Mwaka 2014 watafiti walijaribu njia mbalimbali. Wachanga waliokaa pamoja na vibarua walezi walipata jamii yote. Waliogusishwa mavi ya nyuki wakubwa nao walipata. Lakini waliolishwa tu mdomo kwa mdomo kupitia wavu hawakupata wale muhimu. Yaani lazima wakae pamoja, miguu kwa miguu, katika sega moja. Urithi huu haupiti katika damu, unapita nyumbani.

Basi turudi kwenye pakiti ya njano.

Mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyolinganisha bakteria wa tumboni mwa nyuki wa Marekani na wale wa nchi zisizotumia dawa hizi, kama Uswisi, Ucheki na New Zealand. Bakteria wa nyuki wa Marekani walikuwa wamejaa silaha za kupinga tetrasaiklini. Dawa ya miaka 50 ilikuwa imewafundisha usugu. Mwaka 2017 Kasie Raymann na wenzake wa Texas wakafanya jaribio rahisi ambalo hata wewe ungeweza kulifuata kwa macho. Waliwapa vibarua maji ya sukari yenye tetrasaiklini kwa siku 5, wengine wakawapa maji ya sukari matupu, wakawatia alama na kuwarudisha mzingani. Siku 3 baadaye waliwatafuta. Waliopewa dawa walionekana wachache kuliko wenzao. Matumbo yao yalikuwa yamepoteza sehemu kubwa ya wale wenyeji, na walipokutana na bakteria nyemelezi, ambaye nyuki mzima humvumilia, walikufa kwa wingi zaidi.

Kwa hiyo jibu la swali la mfugaji ni hili. Dawa ya kuku inaua vijidudu, ni kweli, na ndiyo shida yake. Inamwacha adui ndani ya ganda lake na inawaondoa askari wa mlangoni. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hapa mbachao una umri wa mamilioni ya miaka. Tena iko hasara ya pili, ya mfukoni: dawa inabaki katika asali. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu antibayotiki yoyote kwa nyuki, na asali yetu ikipelekwa huko hupimwa. Pakiti moja ya mtu mmoja, asali yake ikichanganywa na ya chama kizima, inaweza kurudisha shehena ya wote. Marekani nao tangu mwaka 2017 hawaruhusu dawa hizi kwa nyuki bila amri ya daktari wa mifugo.

Utauliza, nikikuta majana yaliyooza nifanyeje? Chukua kijiti cha kiberiti, kitumbukize katika chumba chenye jana lililooza, koroga, uvute polepole. Ukivuta na uji ukafuata kama uzi wa bamia, sentimita mbili tatu au zaidi, usihamishe sega lolote, usigawe kundi hilo, usiwalishe nyuki wengine asali yake, na umwite bwana nyuki au daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usipovutika, kuna uwezekano ni ule ugonjwa wa pili wa Bailey au ni njaa au baridi tu, na mara nyingi kundi lenye nguvu, lenye chakula na malkia mzuri, hujisafisha lenyewe. Hata hivyo mwonyeshe mtaalamu. Na ukiona vitu vyekundu kama tembe ndogo mgongoni mwa nyuki, hao ni kupe wa varoa, walioonekana Kenya na Tanzania mwaka 2009. Hao ni habari nyingine na dawa ya bakteria haiwagusi kabisa.

Dawa za magugu nazo tuzitaje. Mwaka 2018 watafiti wa Texas walionyesha kwamba glaifosati, dawa ya magugu ambayo wengi wenu mnaijua sana, inapunguza bakteria wa tumboni mwa nyuki, hasa Snodgrassella, kwa kuwa inazuia kimeng'enyo ambacho magugu wanacho na bakteria hao wanacho. Nyuki mwenyewe hana, ndiyo maana kwa muda mrefu ilisemwa haimdhuru. Usinyunyize magugu yanapochanua, na ukiweza nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamerudi. Dawa za kuua wadudu ni mbaya zaidi, lakini hizo hamhitaji kuambiwa.

Watu wa mjini siku hizi wanauza bakteria wema katika pakiti, uwatie mzingani. Mimi sioni haja ya kutoa fedha huko. Bakteria wa pakiti mara nyingi si wale wa ukoo wa nyuki, na wale wa ukoo unao tayari bure. Texas tena, mwaka 2020, walimbadili Snodgrassella kwa ufundi wa maabara ili amsaidie nyuki kupigana na kirusi na kupe wa varoa. Ni kazi ya ajabu, ila iko maabara, haijafika mzingani kwako.

Kilicho karibu nasi zaidi kilitoka Nairobi. Mwaka huo huo wa 2020 watafiti wa ICIPE walichapisha uchunguzi wao juu ya nyuki wa Kenya, waliochukuliwa sehemu mbalimbali za nchi. Wenyeji walikuwa wale wale, Gilliamella na Snodgrassella na jamaa wa mtindi, pamoja na wengine waliotofautiana kwa mahali na mahali. Nyuki wako hajapungukiwa kitu.

Kwa hiyo ukigawa kundi msimu huu, usihamishe sega la majana lililokung'utwa nyuki wote, halafu ukaliacha wachanga watoke wenyewe ndani ya mzinga mpya mtupu. Hamisha sega pamoja na vibarua walezi waliolifunika, masega mawili au matatu, na moja la chavua na asali. Na unaporina, acha masega ya majana na yale ya mkate wa nyuki mahali pake, wala usiukwangue mzinga wote kwa moto kama wafanyavyo warina asali wa usiku. Kipindi kijacho tutaeleza namna ya kuyeyusha nta bila kuiunguza.